Siku Gogo Alipokosa Upande wa Kuoga

Kila Jumamosi mpishi wa shule yetu humwaga nyuma ya jikoni maji aliyochemshia githeri, mahindi na maharagwe yetu. Huyamwaga yakiwa bado yanatokota, juu ya mawe na vumbi lililoshinda juani, na mvuke hupanda na harufu ambayo sijui niilinganishe na nini: harufu ya jiwe lililokaangwa halafu likamwagiwa maji ghafla. Wasichana wenzangu huziba pua na kukimbia. Mimi hubaki hapo na sahani yangu mkononi kama mtu aliyesikia akiitwa. Sijawahi kumwambia yeyote sababu. Mimi ni mtu wa aibu. Hata darasani, swali ambalo jibu lake ninalijua, mkono hauinuki. Lakini nyinyi mnaosoma hamnioni uso, kwa hivyo wacha niwaambie.

Harufu hiyo hunirudisha upande wa Narok, mahali ambapo watu hupaita tu Maji Moto. Nilienda huko mara moja, nikiwa darasa la tatu, na nikarudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyoenda. Sasa niko kidato cha tatu, na bado kuna vipande vya siku hiyo ambavyo nikijaribu kuvipanga havikubali kukaa.

Nyumbani kwetu ni nje kidogo ya Kericho, mahali shamba letu linapopakana na majani chai ya kampuni. Ni nchi ya baridi. Asubuhi ukungu unalala juu ya majani kama blanketi ambalo hakuna mtu anataka kulitoa, na mchana mvua inakuja bila kuulizwa, wakati mwingine na mawe yake. Maji ya kuoga yalikuwa kazi kubwa. Kuni zilikuwa mbichi, moshi ulitutoa machozi, na maji yakishapata moto yalikuwa ya Gogo kwanza, kisha ya Mama. Kwangu yalifika yakiwa kidogo na vuguvugu.

Tulikuwa watatu tu: Gogo, ndivyo tunavyomwita nyanya, na Mama na mimi. Gogo alikuwa mrefu, mwenye mifupa mikubwa, na koti jeusi la kiume ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Alikuwa na kigoda chake karibu na mlango na hakuna mtu mwingine aliyekikalia. Hakubeba maji, hakubeba kuni, hakupika hata chai. Wazee wakija kumtembelea walikaa naye nje wakiongea mambo ya ng'ombe na mipaka, na Mama aliwapelekea mursik, maziwa yetu ya kibuyu, akarudi jikoni. Halafu kulikuwa na jambo la salamu. Kwetu salamu za zamani za wanaume si za wanawake. Mwanamume husalimiwa “Sopai” akajibu “Epa”. Mwanamke husalimiwa “Takwenya” akajibu “Igo”. Gogo alisalimiwa “Sopai” na wazee wote, na alijibu “Epa” kwa sauti iliyotoka tumboni. Mimi nilifikiri ni kwa sababu ya umri. Nilifikiri mwanamke akizeeka sana anafika mahali wanaume walipo, kama vile mtu akimaliza darasa la nane anaenda sekondari.

Nitawaambia nyinyi ukweli sasa hivi, ingawa wakati huo mimi sikuujua. Gogo alikuwa ameolewa Sigowet, na mume wake akafariki kabla hawajapata mtoto. Kwa desturi yetu ya Kipsigis, mwanamke kama huyo anaweza kuoa mwanamke mwingine ili nyumba yake isiishe. Anapeleka ng'ombe kwa wakwe kama mwanamume yeyote, na kuanzia siku hiyo yeye ni mume, na watoto watakaozaliwa ni wake. Gogo alienda mpaka Kedowa akamwoa Mama, wakahamia huko Kericho, na mimi nikazaliwa katika nyumba hiyo. Mwanamume aliyekuja akaenda zake hakuwa mtu wa nyumba yetu, na jina lake halikutajwa. Kwa hivyo yule niliyemwita Gogo kwa sababu ya mvi zake alikuwa baba yangu. Majirani Wakipsigis wote walijua. Hakuna aliyeona haja ya kumweleza mtoto.

Kanisani ndiko hawakujua. Kanisa letu lilikuwa la mabati, karibu na nyumba za wafanyakazi wa chai, na wengi waliosali hapo walikuwa watu wa kutoka upande wa ziwa, si wa kabila letu: wachuma chai, watu wa kiwandani, wenye vibanda. Mchungaji alikuwa amesema waziwazi kwamba mwanamke aliyeolewa na mwanamke hatabatizwa mpaka aondoke katika nyumba hiyo. Na Mama alikuwa katika darasa la ubatizo. Alikariri mistari yake akipalilia, akaikariri akikamua, na kitambaa cheupe cha kichwa kilikuwa tayari kimekunjwa ndani ya sanduku. Huko kanisani alikuwa amesema yeye ni mjane na Gogo ni mama mkwe wake. Alisema hivyo mara moja tu. Baada ya hapo watu walimsaidia kusema.

Aliyefundisha darasa hilo alikuwa Mama Achieng', mwanamke mnene mwenye kicheko kilichofika kabla yake, ambaye aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, na nyanya karibu na lango la kiwanda. Mgongo wake ulikuwa umemchosha, na yeye ndiye aliyeleta habari za Maji Moto. Siku moja alisimama mlangoni kwetu, mikono kiunoni, akimtazama Gogo ambaye magoti yake yalikuwa yamevimba kama maboga madogo. Wiki hiyo Gogo alikuwa ameshindwa kufika hata kwenye zizi.

“Mama mzee lazima aende,” Mama Achieng' akasema. “Hiyo maji inatoka chini ikichemka yenyewe. Inaingia mpaka kwa mfupa. Kuna mtu alibebwa mgongoni kama mtoto kupelekwa huko, na akarudi akitembea.”

Gogo alimwangalia Mama. Mama akaangalia chini. Sikuelewa kwa nini swali la magoti lilihitaji macho mengi namna ile.

“Gogo, twende tu,” Mama akasema mwishowe. “Hata wewe unajua hutamaliza mwaka na hayo magoti.”

“Haya,” Gogo akasema. “Nitaenda.”

Mzee arap Sitonik, rafiki wa Gogo na mgonjwa wa magoti kama yeye, alikuwa na kijana wake Kiprono mwenye pikapu. Tuliondoka alfajiri ukungu ukiwa bado umelala. Gogo na arap Sitonik walikaa mbele na Kiprono. Sisi wengine tulikaa nyuma juu ya magunia, mimi nikiwa katikati ya Mama na Mama Achieng', nikinusa omena upande mmoja na sabuni ya kipande upande mwingine. Nililala. Nilipoamka tulikuwa tumeipita Bomet zamani, jua lilikuwa limetoka, na nikapata mshtuko wa kwanza wa siku hiyo. Kijani kilikuwa kimeisha. Mimi sikuwa nimewahi kuona nchi isiyo ya kijani. Ilikuwa tambarare ya juu, kavu, rangi ya mkate, na miti ya miiba iliyosimama mbalimbali kama watu waliokosana, na upepo uliobeba vumbi badala ya mvua.

“Mama,” nikauliza, “nani amechuma majani yote?”

Mama Achieng' alicheka mpaka akashika mgongo wake. “Woi, nyathina! Mtoto anafikiri dunia yote ni ya majani chai!” Kisha akaligongea dirisha dogo la nyuma ya pikapu ili awahadithie walio mbele. Niliona aibu nikaficha uso katika leso ya Mama.

Tulipofika, harufu ndiyo iliyotupokea. Maji yalitoka chini ya mwamba kwa nguvu, yakipumua, na mahali yalipopita mawe yalikuwa na ganda jeupe na ukoga wa kijani, kile kijani pekee nilichokiona siku nzima. Punda walisimama wakisubiri mitungi yao. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wakifua mashuka mekundu na kuyaanika juu ya miiba. Mimi nilizunguka ule mwamba nikitafuta moto. Nyumbani kila maji moto yana mtu aliyepasua kuni na mtu aliyetoka machozi, na hapa palikuwa na mto mzima. Niliinama nikachungulia chini ya mawe, nikitarajia kuona makaa.

“Unatafuta nini?” arap Sitonik akaniuliza.

“Mwenye moto.”

Hakucheka. Aling'oa nyasi chache, akazitemea mate kidogo kwa baraka, akaziweka juu ya maji. “Mwenye moto hatumwoni,” akasema. “Tunamsalimia tu.” Jambo hilo lilinichanganya zaidi, lakini nilimpenda kwa kutonicheka.

Kuoga hapo kulikuwa na utaratibu wake. Juu, karibu na mwamba, nyuma ya kichaka, palikuwa pa wanaume. Chini, nyuma ya mawe makubwa ambapo maji yalipanuka na kupoa kidogo, palikuwa pa wanawake. Katikati kulikuwa na nafasi ya wazi na jiwe pana. Arap Sitonik alikwenda juu. Sisi tukaelekea chini. Gogo akatembea na fimbo yake mpaka kwenye lile jiwe pana, akaketi, akafunga kifungo cha juu cha koti.

Wanawake wawili wa Kimaasai walipita na mitungi. Salamu zao ni kama zetu. “Takwenya!” wakamwambia Gogo. Gogo akanyamaza. Wakasema tena kwa sauti kubwa zaidi, wakifikiri ni kiziwi. Mimi nikaona aibu kwa niaba yake, nikajibu, “Igo!” Wakacheka, wakanipapasa kichwa, wakaenda. Gogo alinigeukia akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona. Halikuwa la hasira. Lilikuwa kama la mtu aliyekanyagwa na mtoto mdogo.

Mama Achieng' naye alirudi akamshika mkono. “Kuja mama mzee, usione haya. Chini ya nguo sisi wote tuko na hiyo hiyo.”

“Wacha mkono yangu,” Gogo akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi.

“Basi utaoga na nani? Na wale wazee?”

Gogo akaangalia mbali, kule punda walikokuwa.

Nyinyi mnaojua mambo haya mnaelewa shida ilikuwa wapi. Mbele ya wanawake wengine, mke wake akitazama, mume hawezi kuvua nguo na kuingia majini kana kwamba ni mmoja wao. Angekuwa amejivua na kila kitu kingine. Na kule juu, arap Sitonik aliyemsalimia “Sopai” maisha yake yote naye asingeweza kumkaribisha, kwa sababu mwili ni mwili, na wazee wangetawanyika kama kuku. Desturi ilikuwa imempa Gogo kila kitu cha mwanamume isipokuwa mahali pa kuvulia nguo. Mimi sikujua lolote la hayo. Nilijua tu kwamba tumekuja safari ndefu kwa sababu ya magoti yake, maji yako pale, na yeye hataki kuingia.

Niliamua anaogopa. Nilikuwa nimeshaoga mimi, mwili mzima unawasha kwa raha, nywele zimeanza kukauka kabla sijatoka majini. Nikaenda kumfundisha.

“Gogo, haichomi. Ukianza na kidole kimoja, halafu mguu, inazoea.”

“Mimi siogopi maji,” akasema kwa Kipsigis.

“Unaogopa nini?”

Alinifuta vumbi usoni kwa ncha ya koti. “Nenda ukaoge.”

“Nimeoga.”

“Oga tena.”

Mama alinituma na karai lililojaa maji, angalau akande magoti. Nililibeba kwa mikono miwili, likinimwagikia miguuni kila hatua. Gogo alitumbukiza vidole, akavitoa. “Yameshapoa,” akasema. Na kweli upepo wa huko ulikuwa umeyapoza. Hata yangekuwa moto, asingepandisha nguo juu ya magoti yake pale katikati, watu wakipita kila upande. Nikalimwaga, na ile harufu ikapanda.

Arap Sitonik alishuka akiwa amemaliza, kichwa chake kinatoa mvuke, anatembea kama kijana. Alisimama mbele ya Gogo na furaha yake ikamwisha. “Mzee,” akamwambia kwa Kipsigis, “mwambie huyu mama wa kanisa akupishe. Neno moja tu. Ama nimwambie mimi.”

“Sitonik, nyamaza.”

“Lakini magoti...”

“Nimesema nyamaza.”

Mimi nilisikia yote na sikuelewa hata moja. Neno gani? Ampishe kwenda wapi?

Jua lilipanda. Kiprono alianza kuangalia mawingu ya upande wa nyumbani, akasema barabara ile udongo wake mvua ikiushika hautatuachilia, kwa hivyo tule tuondoke. Watu walikuwa wakitoka majini mmoja mmoja kwa sababu ya joto la mchana. Mama Achieng' alikuja amevaa tayari, uso unang'aa mafuta, mgongo umenyooka, na pale alipomkuta Gogo amekaa vilevile, kicheko chake kikaisha.

“Sasa huyu amekuja kuangalia maji kama sinema?” Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alimgeukia Mama, ambaye alikuwa anatoka nyuma ya mawe akijifunga leso. “Mama Cherotich, niambie ukweli. Mama mkwe wako ananidharau? Asubuhi yote namwita, ananigeuzia uso. Ama kwa sababu mimi ni mtu wa ziwa hawezi kuvua nguo mbele yangu? Kama ni hiyo, aseme. Nimezoea kuambiwa.”

Hata mimi mtoto nilijua kwamba hilo lilikuwa neno zito, miaka ile makabila yetu yalipotazamana kwa mashaka. Nilimwangalia Gogo nikingoja akatae. Alifungua mdomo. Akaufunga.

“Kiprono,” akasema, “washa gari. Tunaenda nyumbani.” Akaegemea fimbo kuinuka, na magoti yakamkatalia, akarudi chini kwa kishindo.

Mama alikuja mpaka kwenye lile jiwe. Maji yalikuwa bado yanamtiririka shingoni. Alikuwa mtu wa sauti ndogo, Mama, hata kanisani walimwambia apaze. Siku hiyo hakuna aliyemwambia.

“Mama Achieng', huyu si mama mkwe wangu. Mimi sina mama mkwe. Huyu ndiye alinioa. Ng'ombe zake ziko kwa baba yangu Kedowa mpaka leo. Ni mume wangu. Hakudharau. Hawezi tu kuvua nguo na wanawake, na mimi nimemwacha kwa jua tangu asubuhi.”

Mama Achieng' alimwangalia Mama. Akaliangalia lile koti. Akamwangalia arap Sitonik, naye akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayetoa ushahidi.

“Aii yawa,” Mama Achieng' akasema. Akashika mdomo. “Kwa hivyo hii asubuhi yote mimi nimekuwa navuta bwana ya mtu nikimpeleka kwa bafu ya wanawake?”

Halafu arap Sitonik akaanza kukohoa, na kukohoa kukageuka kicheko, na nikaona mabega ya Gogo ndani ya koti yanatikisika. Gogo alikuwa anacheka. Nilicheka pia, kwa nguvu kuliko wote, bila kujua ni nini kinachochekesha.

Lakini Mama Achieng' alimsogelea Mama akapunguza sauti, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika leso ya Mama, nilisikia.

“Unajua umesema nini? Mimi ndiye nampelekea mchungaji majina.”

“Najua.”

“Sikia. Mimi masikio yangu yameingia maji. Ninaweza kuwa sijasikia.”

Mama alitabasamu kidogo tu. “Umesikia,” akasema.

Kisha akampa Gogo mkono. “Inuka, twende. Kuko wazi.”

Na kweli kulikuwa wazi. Hakuna mtu mwenye akili anayeingia maji moto jua likiwa utosini. Wanawake wa Kimaasai walikuwa wamekaa chini ya mti wao, punda walikuwa wanasinzia wamesimama kwa miguu mitatu. Mama alimshika Gogo kiunoni, wakatoweka nyuma ya yale mawe. Mimi nilipewa koti nilishike. Lilikuwa zito, likinuka moshi na maziwa, na sikuwa nimewahi kulishika bila yeye ndani. Nilisikia maji yakigawanyika. Nilisikia Gogo akitoa sauti fupi kama aliyechomwa, kisha akashusha pumzi ndefu, ndefu sana, nikafikiri haitafika mwisho. Kisha sauti ya Mama akimwongelesha polepole, na maji yakimwagwa kwa kiganja, yakimwagwa tena.

Mama Achieng' alikuwa amesimama njiani amefungua mwavuli, mgongo kwetu, kama polisi wa benki. Vijana watatu walikuja wakitaka kunywesha mbuzi. Akawanyooshea mkono.

“Ngojeni huko! Hamna macho? Mzee anaoga!”

Tulikaa sana. Kiprono aliacha kulalamika akalala chini ya pikapu. Wakati wa kurudi, Gogo alitembea hadi garini akiwa amebeba fimbo kwapani, bila kuiegemea. Alikaa mbele akalala kabla injini haijawaka. Mama Achieng' alijikunja kwenye magunia akajifunika uso. Ndipo nikapata nafasi.

“Mama. Gogo ni baba yangu?”

“Ndiyo.”

Kupitia lile dirisha dogo niliona kisogo cha Gogo chenye mvi kikiyumba.

“Na anajua?”

Mama alicheka mpaka akaanza kulia, au alilia mpaka akaanza kucheka. Nilikuwa nimeshachoka kupambanua. “Anajua,” akasema. “Amejua hata kabla hujazaliwa.”

Sitawadanganya kwamba maji yale yaliponya. Gogo alitembea vizuri mpaka mvua kubwa zilipoanza, kisha magoti yakavimba tena, na safari ya pili haikuwepo. Mama Achieng' aliendelea kuja kwetu na omena yake, na tangu siku hiyo alimwita Gogo “mzee”, tena kwa heshima, akikataa kupewa chai kabla mzee hajapewa. Lakini majina alipeleka, na la Mama halikuwemo. Jumapili ya ubatizo tulisikia nyimbo zikishuka kuelekea mtoni. Mama alikuwa anakamua. Gogo alikuwa kwenye kigoda.

“Leo ulikuwa uingie mtoni,” Gogo akasema.

Mama hakugeuka. “Nilishaingia maji mwaka huu,” akasema, na maziwa yakaendelea kulia ndani ya ndoo.

Gogo alifariki nikiwa darasa la nane. Siku watu walipokuja kulia nasi, arap Sitonik aliketi kando yangu na kunieleza jambo ambalo hakuwa amemwambia Mama. Alisema asubuhi ile ya safari, wakiwa pale mbele kwenye pikapu, Gogo alimwapisha. Alimwambia asitoe neno lolote mbele ya yule mama wa kanisa, hata likitokea nini, kwa sababu mke wake anautaka sana ubatizo huo, na yeye magoti yake ameshayazoea. Alikubali kuja kwa sababu kukataa nako kungehitaji maelezo, na alitumaini kutakuwa na kona ya kujificha.

Miaka yote nilikuwa nimeikumbuka siku hiyo kama siku ambayo Mama alikuwa jasiri na Gogo alikuwa mkaidi. Nilikuwa nimeelewa nusu. Bado kuna mengi siyaelewi. Sijui kama Mama alijuta, maana hajasema, na mimi siwezi kuuliza. Wenzangu hapa shuleni wakiongea habari za baba zao, huyu dereva, yule mwalimu, mimi hunyamaza, na wao hufikiri sina. Ninaye. Siku moja nitapata sauti ya kuwaambia kwamba baba yangu alikuwa mtu wa kukaa juani asubuhi nzima na magoti mabovu, hatua chache kutoka kwa maji aliyoyafuata mbali, akatukanwa, akafungua mdomo, na akaufunga.